Ngiri Yangu Mbele ya Kamera

Ukipita kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, huku kwetu Kahama mpaka kule Geita, utawaona wanaume wanatembea mkono mmoja uko mfukoni. Mgeni anadhani ni maringo. Kwa wengine kweli ni maringo, siwezi kuwasemea wote. Lakini mimi nilitembea hivyo miaka mitatu, na mkono wangu haukuwa na kazi nyingine mle mfukoni ila kuizuia ngiri isishuke.

Naandika kwa sababu nimepona, na kwa sababu najua kuna mtu atasoma haya huku mkono wake mmoja hauonekani. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Ila nina daftari ambalo naandika mvua imenyesha lini, nani kazaliwa, nani kaja kututembelea. Mengi nimeyatoa humo. Nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ilianza wakati ndugu zangu kule Didia wanapanda dengu. Nilikuwa karashani, nikanyanyua kiroba cha mawe kutoka chini kwenda begani, kitu nilichokifanya kila siku ya Mungu. Nikasikia kama uzi umekatika kwenye kinena cha kulia. Hakikuuma sana. Nilipooga nikaona kauvimbe kama yai la kanga. Nikilala kanarudi ndani, nikisimama kanatoka. Nikajiambia kitu kinachorudi chenyewe hakiwezi kuwa ugonjwa. Leo najishangaa, lakini wakati ule ile ilikuwa hoja nzito kabisa.

Mke wangu, Mama Kulwa, anauza mchele sokoni Nyasubi. Ni mtu wa kuona kila kitu: akikuta punje moja ya kokoto kwenye debe anajua gunia lilitoka kwa nani. Kumficha mtu kama huyo ni kazi ya kutwa. Nikaanza kuoga nikiwa nimefunga mlango kwa kamba. Nikaanza kulala na kaptula. Akaacha kunisemesha, akawa ananiwekea chakula mezani anaondoka. Baadaye nilijua kwamba alidhani nina mwanamke mwingine. Simlaumu. Mimi mwenyewe ningemwona mume wa mtu anafanya vile, ningedhani hivyo hivyo.

Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena, ukavunwa tena, mpaka mwaka wa tatu. Yai la kanga likawa ngumi. Nikaanza kununua suruali pana. Rafiki yangu Hamisi, tuliyekuwa tunalisha naye karasha moja, mtu wa Kondoa asiyeweza kunyamaza, akawa ananiuliza mbele ya watu, "Baba Kulwa, humo mfukoni umeshika jiwe la nani? Litoe tuligawane." Watu wanacheka, na mimi nacheka, huku nimeibana.

Siku moja asubuhi, mashine zinaunguruma, ikatoka ikakataa kurudi. Nikalala chali nyuma ya viroba, nikaisukuma, ikakataa. Ikawa ngumu. Nikaanza kutapika. Hamisi akaja anacheka, akaniona, akaacha kucheka. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye bajaji, na mimi si mtu mwepesi. Njia nzima alikuwa anamwambia dereva, "Kwepa shimo, ndugu yangu, kwepa shimo," na dereva anajibu, "Sasa nitakwepaje wakati barabara yote ni shimo?"

Kule zahanati tabibu alinichoma sindano, akaniinua miguu juu, akasubiri. Baada ya muda ikarudi yenyewe polepole. Akavua glavu, akanitazama usoni. "Leo imerudi," akasema. "Siku itakapokataa kurudi, utumbo utanyongeka, na hapo tutakuwa tunagombania uhai wako. Hii ni ya kupasuliwa." Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Mama Kulwa alinikuta pale kitandani, shuka limefunguka. Akatazama. Akauliza, "Ni hiki tu?"

"Ni hiki."

"Miaka mitatu, ni hiki?" Akakaa kitako sakafuni akacheka mpaka machozi. Kisha machozi yakaendelea na kicheko kikawa kimekwisha.

Sasa nafika mahali ambapo nina aibu napo zaidi. Tarehe ya kwanza ya upasuaji nilikwenda peke yangu, nikasema mwanaume hasindikizwi. Nikakaa kwenye benchi la kusubiri kuanzia saa moja asubuhi. Mbele yangu mlango wa thieta, chumba cha kupasulia, unafunguka na kufungwa. Wakamtoa mtu kwenye kitanda cha magurudumu, mdomo wazi, macho nusu. Alikuwa mzima, amelala tu kwa dawa, nesi alinieleza vizuri kabisa. Nikamshukuru nesi, nikasema naenda kujisaidia, nikatokea mlango wa kule wanakofulia mashuka, nikapanda gari kurudi nyumbani. Mama Kulwa nikamwambia dokta amesafiri.

Jumapili iliyofuata kanisani, kwenye maombi ya watu wote, mke wangu alisimama akamwombea dokta safari njema na arudi salama. Watu mia wakasema amina. Mimi pia nilisema amina.

Tarehe ya pili ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa kila mahali, na safari hii Mama Kulwa alikuja. Ndipo alipotufuata pale kwenye benchi binti mmoja mwembamba, amevaa koti jeupe na kitambulisho cha chuo. Jina lake Neema.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akatuambia kwamba wakati wa upasuaji mgonjwa hufungwa nyaya kifuani na kibanio kidoleni, ili mtu wa kutoa dawa ya usingizi ajue moyo unavyopiga na pumzi inavyokwenda. Nyaya hizo zitakuwepo kama kawaida. Lakini yeye na wenzake wanajaribu kamera inayosoma vitu hivyo kwa kutazama tu, bila kumgusa mtu. Damu ikipita usoni, rangi ya ngozi inabadilika kidogo sana, jicho la mtu halioni ila kamera inaona. Akaomba kama nitakubali kutazamwa.

Nikasema hapana kabla hajamaliza.

Nieleze kwa nini. Karashani kwetu kuna kamera. Tajiri mwenye karasha anakaa Mwanza, anatutazama kwenye simu yake. Aliifunga kwa sababu mawe yalikuwa yanapungua, na nisimwonee: yalikuwa yanapungua kweli, na mara moja nilikuwepo yalipopungua. Ile kamera ina taa ndogo nyekundu inayowaka ikiona kitu kinasogea. Ikiwaka, simu ya tajiri inalia kumjulisha. Kwa hiyo tulijifunza kuganda. Mtu umekaa unapumzika, taa inawaka, unaganda hapo hapo kama mti mpaka izime. Hamisi alitufundisha hata kubana pumzi. Alisema ile mashine inaona mpaka kifua kikipanda. Basi mimi kamera nilikuwa naijua kwa upande huo, na sasa huyu binti anataka kuileta mahali ambapo nitakuwa uchi na ngiri yangu mezani.

Aliyeuliza maswali ni Mama Kulwa. "Mwanangu, hiyo kamera inatazama wapi?"

"Usoni na kifuani, mama. Chini ya hapo kuna pazia."

"Na ikitaka kutazama chini ya pazia?"

"Huko anatazama dokta tu."

"Na picha zenyewe? Kesho nisije nikamkuta mume wangu kwenye simu ya muuza nyanya."

Neema hakuudhika. Akasema zinahifadhiwa kwa namba, si kwa jina, na tukibadili mawazo hata baadaye zinafutwa. Kisha akasema jambo lililonigusa. Mashine za namna hii zilifundishwa zaidi kwa nyuso za watu weupe, na ngozi nyeusi huwa zinaisoma kwa shida. "Tunataka itujue na sisi, baba. Isije ikaletwa huku haijui kutusoma."

"Kwa hiyo mimi naenda kuifundisha?"

"Ndiyo, baba. Wewe mwalimu."

Mimi na darasa langu la saba. Nikatazama chini ili wasione nilivyofurahi.

Mama Kulwa akasema atakubali akiiona inafanya kazi. Neema akaweka kompyuta yake kwenye kiti, na kamera ndogo kwenye kijiti cha miguu mitatu, akamkalisha mke wangu mbele ya kamera. Ikachukua muda kidogo, kisha ikaandika sabini na sita. "Hayo ni mapigo yako, mama." Mke wangu akajishika kifundo cha mkono, akahesabu kwa saa ya ukutani, akatikisa kichwa kukubali.

Sijui ni nini kilinipata. Nadhani ni kwa sababu alikuwa amekaa kimya, ametulia, na mbele yake kuna kitu kinachonionyesha hali yake, jambo ambalo sijawahi kulipata tangu tuoane. Nikasema, "Mama Kulwa, yule dokta hakusafiri."

Hakugeuka. Namba ikageuka. Themanini na moja. Themanini na tisa. Tisini na saba.

"Nilikimbia. Niliogopa."

Mia moja na nne. Watu wa benchi walikuwa wameinamia mbele kutazama.

Nikamwuliza Neema kwa sauti ndogo, "Inaona hasira?"

"Haioni hasira, baba. Inaona mapigo tu."

"Basi mwambie mapigo yamekasirika," alisema Mama Kulwa, bado anaangalia kamera. "Nimesimama kanisani. Nimemwombea mtu safari njema, kumbe yuko hapa anapasua watu."

"Maombi hayapotei," mzee mmoja wa benchi akasema. "Siku akisafiri yatamfaa."

Mke wangu akabana midomo. Nilimwona anakataa kucheka. Namba ikaanza kushuka, moja moja, na sijawahi kutazama kitu kwa hamu namna ile, hata dhahabu kwenye karai. Ilipofika themanini na mbili ikakaa. Akasema, "Mpe hiyo karatasi ya kukubali asaini." Ile themanini na mbili niliiandika kwenye daftari siku hiyo hiyo, bila maelezo.

Niseme pia, maana Hamisi anawaambia watu vingine: karatasi ile ina mahali pa kukataa, na ukikataa unapasuliwa vilevile. Hakuna aliyenilazimisha.

Thieta ni baridi. Hilo hakuna aliyeniambia, na ningependa ningeambiwa. Mtu wa usingizi alikuwa Kaka Faustine, mpole, mwenye mikono ya moto. Kibanio cha kidole kilimsumbua. Vidole vyangu vimekomaa kwa mawe, ngozi ya mbele ni kama soli. Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati, mashine inatafuta haipati. Kikakubali kwenye kidole kidogo cha kushoto. "Hiki hakijawahi kufanya kazi," akasema, na kweli.

Akaniambia nijikunje kama paka anayelala, akanichoma mgongoni. Iliuma kama siafu mmoja mkubwa, si zaidi. Kisha miguu ikaingia joto, ikawa mizito, halafu ikaondoka. Nilimwuliza kama bado ipo. Akasema ipo, ameiona mwenyewe. Wakafunga pazia la kijani juu ya tumbo. Kichwa changu na kifua vikabaki upande huu na Kaka Faustine, na Neema kwenye kona na kompyuta yake, na kamera juu ya chuma, imenielekea usoni.

Dokta akasema tunaanza. Neema akabonyeza kitu.

Kamera ikawasha taa ndogo nyekundu.

Ndugu msomaji, mimi sikufikiri. Mwili wenyewe ulifikiri. Niliganda. Macho yakasimama, uso ukakauka, pumzi nikaibana kama nimekaa nyuma ya viroba na tajiri yuko Mwanza na simu mkononi.

Nikamsikia Neema anasema haraka, "Kaka Faustine, pumzi inasoma sifuri."

"Mapigo yapo," Faustine akasema, lakini alikuwa ameshainama. Uso wake ukaja juu ya uso wangu, umepinduka, kidevu juu macho chini. "Baba Kulwa! Pumua!"

Nikanong'ona bila kusogeza midomo, "Taa haijazima."

"Taa ipi?"

"Hiyo ya kamera."

Nilipoeleza, aliyecheka kwanza alikuwa dokta, nyuma ya pazia. Nikasikia vyuma vinawekwa chini. "Subirini," akasema, "subirini kwanza, mkono unatetemeka." Wakasubiri akamaliza kucheka. Neema akachukua kipande cha plasta akaziba ile taa, na nimesikia kwamba siku hizi wanaiziba kwa kila mgonjwa. Ikiwa ni kweli, huo ndio mchango wangu.

Lakini isije ikaonekana yote yalikuwa kicheko. Katikati ya kazi kichefuchefu kilinijia ghafla. Sauti zikaenda mbali, kama watu wanaongea ng'ambo ya shamba. Nikaona baridi mdomoni. Nilitaka kusema "naondoka" na sikuweza. Nilimfikiria Mama Kulwa nje kwenye benchi, na kwamba kule hakuna anayemwonyesha namba yoyote.

Presha ilikuwa imeshuka. Inatokea kwa ile sindano, walinieleza baadaye. Faustine akaongeza maji kwenye mshipa, akasukuma dawa, akaniwekea mkono wake wa moto kwenye paji la uso, na dunia ikarudi, kwanza harufu, kisha sauti.

Nilitaka kujua nani aliona kwanza, kamera au mtu. Niliwauliza wote wawili. Neema akasema Kaka Faustine alikuwa ameshika sindano kabla kompyuta yake haijaonyesha kitu cha kueleweka. Faustine akasema Neema alisema "anabadilika" wakati yeye bado anaitazama mashine ya presha. Kila mmoja anampa mwenzake. Sitachagua. Najua tu kwamba wawili walikuwa wananitazama usoni, na mimi miaka mitatu nilikuwa nahakikisha hakuna anayenitazama kabisa.

Waliporudisha kitanda changu wodini Mama Kulwa alikuja akanitazama muda mrefu. "Umependeza," akasema. "Umekuwa kama mtu aliyeoga."

Wiki za nyumbani zilikuwa ndefu. Nitasema mambo ambayo mimi nilikosa wa kuniambia. Siku ya tatu huku chini kunakuwa na rangi ya zambarau mpaka unaogopa, na ni damu tu iliyovilia, inaisha. Ukitaka kukohoa au kucheka, bana mto kwenye mshono. Haja kubwa ya kwanza ni vita. Kula papai, usione haya kuomba papai. Na usinyanyue kitu. Wiki sita nilikatazwa hata ndoo. Mabinti zangu mapacha, Kulwa na Doto, walichota maji mbele yangu nami nimekaa kwenye kiti kama mwenyekiti wa kijiji. Nikajifunza kuchambua mchele wa mama yao. Nilikuwa mbovu. Wateja walimwambia mke wangu kwamba mchele wake siku hizi una kokoto, akajibu, "Vumilieni, ni wa hospitali."

Mama Kulwa aliniogesha siku za mwanzo. Siku moja akanimwagia maji mgongoni akasema, "Ungeniambia, ningekuchekea siku moja tu. Kisha tungekwenda."

"Siku moja tu?"

"Mbili," akakubali.

Hamisi alikuja na soda na mambo mengi. Kule karashani ameshaeneza kwamba nilipasuliwa na kamera yenyewe, hakuna mtu. Nikamweleza sawasawa mara tatu. Akasikiliza kwa makini, akaenda akaeneza vilevile.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha mara mbili, nimeziandika, siku niliyorudi kliniki kwa mara ya mwisho. Dokta ndiye angesema kama ngiri imepona au itarudi, kwa maana huwa inarudi kwa wengine. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikula. Njiani Mama Kulwa alishika begi langu, sijui kwa nini, lilikuwa na karatasi mbili tu.

Benchi lilijaa. Wanaume wengi, na mama mmoja mnene mwenye kikapu amekaa karibu na mlango. Nikaitwa. Mlango ule haufungi vizuri, unabaki na upenyo.

Dokta akanisimamisha, akaweka vidole viwili juu ya kovu. "Kohoa."

Sikuweza. Miaka mitatu sikuwahi kukohoa kwa moyo wote. Nilikuwa nakohoa nusu, nimejishika, nikisubiri itoke.

"Baba, kohoa. Mimi ndiye nimeshika."

Nikakohoa kidogo. Hakuna kitu.

"Kwa nguvu."

Nikakohoa kwa nguvu. Nikasubiri. Pale chini palikuwa kimya. Ni mwili tu, kama upande wa kushoto.

"Imeshika vizuri," dokta akasema. "Umepona."

Nikakohoa tena, hakuna aliyeniambia. Nikakohoa nimeinama, nikakohoa nimesimama, nikakohoa kama trekta linalowashwa asubuhi ya baridi. Dokta akarudi nyuma akisema, "Inatosha, baba, inatosha," lakini mimi nilikuwa na kikohozi cha miaka mitatu.

Nje nikamsikia yule mama wa kikapu anahama mahali, anamwambia nesi, "Jamani, huyo mapafu yamekwisha. Kwa nini hamumtengi? Atatuambukiza sote hapa."

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, ile ya sokoni, inayofika mpaka stendi. "Hana kifua kikuu, mama. Alikuwa na ngiri. Ameificha miaka mitatu, wamempasua, imepona. Huko ndani anakohoa kwa furaha."

Nikafunga mkanda wangu. Kulikuwa na mlango mwingine nyuma ya meza ya dokta, nadhani wa kwenda maabara, na niliuona.

Nikatoka kwa ule wa mbele. Benchi zima likageuka kunitazama, usoni kwanza, halafu kule chini, wanaume wote kwa pamoja. Nikasimama hapo hapo wakamaliza kutazama.

"Hamjambo," nikasema. "Nani anataka kuuliza?"